Nesi kasema mke wangu ambebe njiti kifuani wakati mashine zipo, ni sayansi au wanabana matumizi?

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Mbagala, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo sista. Mke wangu kajifungua wiki ya 31, mtoto wa kiume, kilo 1.4. Kaambiwa avue blauzi amfunge mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na aliyesema ni nesi, sio daktari. Inkyubeta nimeziona kwa macho yangu, mbili tupu kabisa. Shemeji yangu anasema hiyo ya kifuani ni njia ya maskini. Halafu Dar na joto lote hili, mtoto anasikiaje baridi? Fizikia nilisoma mpaka fomu foo, nieleze kisayansi. Na mimi baba naweza kumbeba? Samahani kama ni swali la kijinga."

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kupata kijana, na mama mtoto mpe pole yangu maana kuzaa kabla ya siku ni mtihani, mwili unauma na roho iko juu juu muda wote.

Hilo la swali la kijinga liache kabisa. Mwaka 1963 kuna dogo wa shule ya Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba, walikuwa wanatengeneza aiskrimu za maziwa, akaona nafasi kwenye friji inaisha akaingiza ya kwake ya moto hivyo hivyo, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hata hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini, akaambiwa umechanganyikiwa, baadaye mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia. Akamuuliza tena Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu hapa Dar aliyekuja kuwatembelea shuleni, wenzake wakacheka, ila Osborne akarudi akajaribu mwenyewe na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama kitu chenyewe kipo kweli au ni makosa ya vipimo, na Mpemba mwenyewe akaishia kwenye mambo ya wanyamapori. Kwa hiyo wewe uliza tu.

Tuanze na hilo la joto maana ndo limenifurahisha. Ni kweli ukikaa kwenye daladala ya Rangi Tatu mwezi wa pili unatoka umelowa, ila joto la mtoto linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5, na wodini feni zikizunguka hewa inakuwa 28 au 29 hivi, sasa hiyo ni chini ya mwili wake kwa digrii nane, na joto likiona pa kushukia linashuka, halisubiri. Njiti wa ukubwa wa mwanao akilala mtupu siku za mwanzo anahitaji hewa ya kama digrii 34 ili asihangaike kujipasha. Hiyo 28 yako unayoiita joto, kwake yeye ni Makambako mwezi wa saba.

Kwa nini yeye na sio wewe? Chukua birika la chai na kile kikombe kidogo cha wauza kahawa, mimina chai ya moto kwote, rudi baada ya dakika kumi uone kipi kimepoa. Kitu kidogo kina ngozi nyingi ukilinganisha na kilichomo ndani. Nimekupigia hesabu, wewe nikikukadiria kilo 60, kila kilo moja ya mwanao imeachwa wazi kwa hewa kama mara tatu na nusu ya kilo yako. Na hapo sijasema ngozi yake ni nyembamba inavujisha maji, hawezi kutetemeka kama sisi tukishikwa na baridi, na yale mafuta maalumu ya kahawia ambayo mtoto anayachoma kujipasha yanawekwa zaidi miezi ya mwisho ya mimba, yeye kaondoka kabla hajagawiwa.

Joto linamtoka kwa njia nne na wewe zote ulizisoma ila hukujua zinahusu wodi. Mweke kwenye mizani ya chuma bila kitambaa, chuma kinalinyonya. Feni ikimpiga, hewa inalibeba. Ukuta au dirisha la baridi lililo karibu naye, hata bila kuligusa, mwili wake unalimwagia joto kwa mnururisho. Halafu ya nne ndo muuaji, maji kukauka mwilini. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kama jouli 2,400, jouli ndo kipimo cha nishati. Mwili wa kilo 1.4 ukitaka kuushusha digrii moja unatoa kama jouli 4,900. Yaani gramu 2 tu za maji, hata nusu kijiko cha chai hazifiki, zikikaukia kwenye ngozi zinatosha kumtoa mtoto digrii nzima. Najua kuna fundi atasema sehemu ya joto hilo inatoka kwenye hewa na mtoto naye anatengeneza lake kidogo, ni kweli, lakini picha umeipata.

Mimi hii niliisoma kwenye kitabu nikaielewa kwenye zamu. Zamani kidogo, hospitali moja siitaji jina, nimeingia usiku nakuta bibi mmoja kamuogesha mjukuu wake njiti wa siku mbili, kwa upendo kabisa, maji ya vuguvugu, kamfunga kwenye kitenge kipya kizuri, ila nywele mbichi. Nagusa miguu, baridi kama chupa ya soda. Kipimajoto kikasoma 34.6. Hakuna aliyempiga wala kumnyima chakula, ni maji tu ya kwenye nywele na feni ya juu. Tukamvua kile kitenge, tukamkausha, kofia, tukampachika kifuani kwa mama yake na blanketi juu, na mimi nikakaa pale napima kila baada ya muda, 35.1, 35.7, yakapita kama masaa mawili hivi ndo akafika 36.5 na akaanza kutafuta ziwa. Bibi wa watu alilia sana na hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia.

Sasa inkyubeta. Shemeji yako anaiona kama kitu cha wakubwa lakini hiyo mashine asili yake ni kuku. Daktari mmoja wa Paris, Stéphane Tarnier, mwaka 1878 alienda kutembea kwenye bustani ya wanyama akaona sanduku la kuangulia vifaranga, akamwambia aliyelitengeneza hebu nitengenezee la watoto. Wakaanza kulitumia miaka ya mwanzo ya 1880 na vifo vya njiti pale hospitalini kwake vikashuka sana. Kwa hiyo tusiidharau, imeokoa watoto wengi. Mwaka 1958 kule New York, William Silverman na wenzake walilinganisha watoto wa kwenye inkyubeta za joto la kawaida la wakati ule na za joto zaidi kidogo, tofauti haifiki hata digrii 3, na waliokaa kwenye joto zaidi walipona kama 15 zaidi kwa kila 100. Digrii tatu tu. Tangu hapo hakuna mtu mwenye akili anayefanya mzaha na kipimajoto cha mtoto mchanga.

Tatizo la inkyubeta ni kwamba inampa joto na basi. Miaka ya 1970 mwishoni, Bogota nchini Kolombia, hospitali imefurika, watoto wawili watatu kwenye mashine moja wanaambukizana, na kina mama wamekatazwa kuingia, wengine wakawa hawarudi hata kuchukua watoto wao. Daktari Edgar Rey akaanza mwaka 1978, mwenzake Héctor Martínez akaungana naye, wakasema tuwape mama zao wawabebe kifuani kama kangaruu. Kwa hiyo nikubali hapa shemeji yako hajakosea kabisa, chanzo chake kilikuwa shida. Ila kitu kuanza kwa shida hakukifanyi kiwe kibaya, la muhimu ni kilipopimwa kilitoa majibu gani.

Na huyo kangaruu mwenyewe ni wa ajabu, nikuambie. Yule mkubwa mwekundu wa Australia mimba yake siku 33 tu, kitoto kinatoka hakifiki hata gramu moja, saizi ya haragwe, kinatambaa chenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka kwenye mfuko, kinang'ang'ania chuchu na hakitoki humo kwa miezi. Yaani kangaruu wote wanazaliwa njiti, ndo utaratibu wao.

Watafiti wa tabia za wanyama walikuwa wameshaanza kulikaribia jambo hili bila kujua litaishia wodini kwetu. Mwaka huo huo wa 1958 Harry Harlow, Marekani, alichapisha habari za vitoto vya nyani aina ya rhesus aliovitenganisha na mama zao akaviwekea mama bandia wawili, mmoja wa waya ana chupa ya maziwa, mwingine kafunikwa kitambaa laini hana maziwa. Wote walitegemea mtoto atampenda anayemlisha. Vitoto vikaenda kunyonya kwa wa waya haraka haraka afu vinarudi kukumbatia wa kitambaa muda mwingi wa siku. Majaribio yale yalikuwa ya kikatili, mimi siyapendi na siku hizi yasingeruhusiwa, lakini jibu lake halifutiki. Baadaye Saul Schanberg na wenzake wakaona watoto wa panya wakitolewa kwa mama homoni ya kukua inashuka, unawapa maziwa na joto bado iko chini, mpaka uwasugue kwa brashi yenye maji maji kama ulimi wa mama yao ndo inapanda. Sasa nionyeshe inkyubeta yenye ulimi.

Turudi kwa kijana wako, maana panya ni panya na mtu ni mtu, na ushahidi wa mnyama mimi naupokea kama fununu tu mpaka upimwe kwa binadamu. Umepimwa, na umepimwa hapa hapa Dar. Kuanzia mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti kwenye hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na ya Tanzania ilikuwa Muhimbili. Watoto 3,211, wa kuanzia kilo 1.0 mpaka 1.799, yaani mwanao angeingia humo kabisa. Wakagawanywa kama kwa kupiga kura, sio daktari achague nani aende wapi, kwa sababu ukiacha achague atawapa kifua wale wenye nguvu na utafiti umeshaharibika. Kundi moja lilibebwa kifuani mara moja baada ya kuzaliwa, lingine likakaa kwenye vifaa vya kawaida vya kupasha joto mpaka likae sawa kwanza. Wa kundi la kwanza walikaa kifuani kama masaa 17 kwa siku, wa pili saa moja na nusu hivi kwa kipindi kile cha uangalizi maalumu.

Kwenye kundi la vifaa, kwa kila watoto 100 walikufa karibu 16 kabla ya kutimiza siku 28. Kwenye kundi la kifua, 12. Vifo vilipungua kwa robo mpaka kamati iliyokuwa inaangalia namba ikasema simamisheni, haifai kuendelea kuwanyima wengine. Wakachapisha 2021, na Novemba 2022 WHO ikabadilisha mwongozo wake, mtoto njiti aanze kifuani mara moja, sio asubiri mashine imtengeneze kwanza. Kwenye kundi la kifua waliopoa mwili walikuwa wachache zaidi na waliohisiwa kupata maambukizi makali walikuwa wachache zaidi pia, jambo linaloeleweka, mtoto anapata vijidudu vya ngozi ya mama yake ambavyo maziwa ya mama huyo huyo yana kinga yake, badala ya vijidudu sugu vya hospitali.

Kama unapenda kubishana, na mimi napenda, kuna sehemu mbili za kubana huo utafiti. Ya kwanza, huwezi kumficha nesi asijue mtoto yupi yuko kifuani, kwa hiyo macho ya wauguzi hayakuwa sawa kwa wote. Ya pili, mama akilala wodi ile ile masaa yote na yeye anakuwa mlinzi, mtoto akibadilika rangi anaona wa kwanza, kwa hiyo huwezi kusema ni ngozi peke yake iliyookoa. Mimi jibu langu ni kwamba sijali sana kama ni ngozi au ni jicho la mama, mradi vyote viwili vinakuja kwa pamoja na kwenye mashine havimo.

Na hiyo ya "nesi sio daktari" nilitaka niipite kimya nimeshindwa. Mwaka 1956 kwenye hospitali ya Rochford, Uingereza, kulikuwa na sista anaitwa Ward anayesimamia njiti, kazoea kuwatoa watoto uani wapate hewa na jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto mwenye manjano ambaye mwili umefifia rangi isipokuwa pembetatu moja ya ngozi ambayo ni njano kali, wakadhani kapakwa dawa. Kumbe ni pale kona ya shuka ilipomfunika, jua halikufika. Mwaka 1958, ndio, tena huo huo, Cremer na wenzake wa hospitali ile ile wakachapisha kifaa chao cha taa za kutibu manjano, na zile taa za bluu unazoziona wodini zimeanzia kwenye jicho la nesi na kona ya shuka. Ila tafadhali usije ukamwanika mwanao barazani asubuhi kwa sababu nimesema hivi, mtoto akiwa wa njano arudishwe hospitali, jua la Mbagala halina kipimo. Na muuguzi mwingine mtafiti, Susan Ludington-Hoe wa Marekani, aliwahi kuwapima mama waliobeba mapacha kifuani, pacha huku na pacha huku, akakuta kila ziwa linapanda na kushuka joto kwa kufuata mtoto aliyelala upande wake. Ni mama wachache sana hao kwa hiyo naitaja kwa tahadhari, lakini ndo ile ile tunayoiona kila siku, kifua kina kidhibiti chake na umeme ukikatika hakizimi.

Zile mbili tupu ulizoziona, inawezekana kabisa wenye nazo wako vifuani, au zinasafishwa, au mbovu, muulize sista wa zamu kwa upole atakwambia. Mashine inabaki na kazi yake, mtoto asiyepumua mwenyewe au ambaye mama yake mahututi na hakuna ndugu, huyo ni habari nyingine. Ila drip au mpira wa oksijeni sio sababu ya kumtoa kifuani, wengi wanabebwa navyo hivyo hivyo.

Kumbeba kwenyewe akaangalie sana shingo. Mtoto akae wima katikati ya maziwa, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeukia upande mmoja na kidevu kimeinuka kidogo, kwa sababu kichwa kikiinamia kifuani njia ya hewa inajikunja kama mpira wa kumwagilia. Nepi kavu, soksi, kofia, basi. Kanga ifungwe imbane mpaka mama akisimama mtoto asiteleze, ukingo wa juu uishie chini ya sikio, na mama akilala mto uwe umemwinua mgongo. Akigusa miguu akaikuta ya baridi wakati tumbo lina joto, mtoto ameanza kupoa, aongeze blanketi na amwite nesi. Akiacha kupumua kwa muda, akiwa wa bluu mdomoni au akigoma kunyonya, hapo asisubiri nesi apite, apige kelele.

Na wewe baba ndio, unaweza, tena mama anahitaji kuoga na kulala masaa mawili kama binadamu. Kifua chako kinashika joto vizuri, kwenye ule utafiti pia ndugu walikuwa wanapokea zamu mama asipokuwepo, na kama una manyoya kifuani hayana neno. Nenda na shati la vifungo mbele, kata kucha, nawa mikono mpaka kwenye kiwiko, ukiwa na mafua baki nyumbani. Na pafyumu usijipake, wala mama yake asijipake kwenye maziwa, maana watoto wa panya chuchu zikioshwa harufu yake ikaisha wanashindwa kuzipata kabisa, na wa kwetu nao walijaribiwa, mwaka 1994, mama kaoshwa ziwa moja lingine likaachwa na harufu yake, watoto 22 kati ya 30 wakaenda kwa ambalo halijaoshwa. Wewe ziwa huna lakini mwache akujue kwa harufu yako mwenyewe, jasho la daladala unaruhusiwa kulioga kwanza.